Siku Niliyofagia Mto kwa Ajili ya Wageni

Nawaambia mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla Mama Zaina hajafika, maana yeye akianza kuisimulia habari hii anaongeza mambo (mara ya mwisho alisema nilipoteza kiatu na kilemba, uongo mtupu, kilipotea kiatu tu): ndiyo, mimi ndiye mwanamke aliyefagia mto. Sisemi njia ya kwenda mtoni, wala kando ya mto. Mto wenyewe, maji yakipita, nikiwa na ufagio mkononi na sabuni ya unga kwenye karai. Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na aibu haikunijia yote kwa mara moja.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Nalima mihogo na mpunga nje kidogo ya Kasongo, upande wa barabara ya Kabambare, naongoza akina mama wa parokia yetu, na uwanja wangu ukipita asubuhi unaweza kumwaga mchele chini ukauokota bila kuupepeta. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na jirani yangu Mama Zaina, ambaye ni Mwislamu na hatusali pamoja lakini tunafanya kila kitu kingine pamoja, atawaambia hivyo hivyo, ingawa atasema kwa kunung'unika, kwa kuwa mimi ndiye ninayemwamsha Jumamosi kwenda salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote.

Sasa, nyuma ya mashamba yetu unapita mto mdogo, Kamusenga. Ndio tunaokunywa. Chini ya pale tunapochota, mbali kidogo, kuna wachimbaji wa dhahabu, watu waliotoka huko mashariki, wa kila dini na kila kabila, na mwenye mashimo wao anaitwa Pedeje Bahati (Pedeje ndivyo tunavyowaita wote wenye mashimo, hata akiwa na shimo moja na kandambili zilizokatika). Wao husafisha mchanga wao chini yetu, kwa hiyo matope yao yalikuwa hayatufikii na tuliishi nao vizuri tu, tukiwauzia mihogo. Mambo yaliharibika Pedeje aliposema kule chini dhahabu imepungua na anataka kupandisha mashini zake juu, juu kabisa, kupita pale tunapochota. Yaani tope lote lingetushukia sisi kwenye ndoo.

Hapo ndipo alipokuja Dokta Nyota. Si dokta wa sindano, ni dokta wa mito, mwanamke bado kijana, anafundisha Kindu, alifika na pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akatafuta watu wa kujitolea wamsaidie kuuchunguza mto. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono (mimi huwa wa kwanza). Alitufundisha jambo ambalo sikuwa nimelijua maisha yangu yote pale: kwamba chini ya mawe ya mtoni kuna wadudu wadogo, wengine wana mikia kama nyuzi, wengine wanajijengea nyumba za punje za mchanga, na hao wadudu tope likiingia ndio wa kwanza kutoweka. Wakiwapo wengi, mto ni mzima. Kazi yetu ilikuwa kuinua mawe, kukinga wavu mdogo, kuwatazama, kuwapiga picha kwa simu, kuwarudisha, na kumtumia yeye. Tulikuwa na sehemu mbili: moja juu, karibu na pale tunapochota, hiyo ilikuwa yangu, na nyingine chini ya wachimbaji. Pale kwangu ukigeuza jiwe unakuta wamejaa. Nilikuwa naringa nao kama watu wanavyoringa na mbuzi.

Na Dokta alitukataza jambo moja, nalisema ili msidhani hakusema. Alisema:

"Hapa mutu asiguse kitu. Majani ikianguka, muiache. Jiwe ikiwa na utelezi, muiache. Tuko tunataka kuona mto vile iko, si vile sisi tunapenda ikuwe."

Nikaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Basi ikafika ile Jumamosi. Shefu wetu, yaani mkuu wa eneo letu, alikuwa amekubali kuja mwenyewe kuona sehemu zote mbili, Pedeje naye aje, Dokta aonyeshe wadudu, kisha Shefu aamue palepale kama mashini zitapanda au hazitapanda. Maji yetu ya kunywa yalikuwa yanategemea siku hiyo, sote tulijua, mimi sikulala vizuri. Alfajiri nikatoka kwenda kutazama kama mahali pangu pako tayari kupokea mkubwa, na ndugu zangu, niliona aibu. Majani yaliyooza pembeni, vijiti, mawe yamevaa kijani, nyasi zimeinama mpaka majini. Nikamwona Shefu kichwani mwangu, mtu mzima yule, na viatu vyake vya kung'aa, akiteleza kwenye lile jiwe la mbele na kuanguka kwa sababu mimi, Mama Vero, sikusafisha. Kwetu mgeni akikanyaga uchafu, hausemwi uchafu, anasemwa mwenye nyumba.

Nikasema nitafagia njia tu.

Hilo ndilo kosa lenyewe, ufagio. Ningeenda mikono mitupu ningerudi nyumbani nikaoga. Lakini nikafagia njia, njia ikapendeza, ikaifanya kando ya mto ionekane mbaya zaidi, nikaita akina mama waliokuwa kwenye salongo waje na mapanga, tukakata nyasi, kando ikapendeza, sasa mto wenyewe ndio ukabaki kama mtu aliyevaa suti bila kunawa uso. Tukatoa majani. Tukatoa vijiti. Tukainua mawe tukayasugua kwa makumbi mpaka yakawa meupe, na lile la mbele la Shefu lilipogoma kutoa kijani chake nikaagiza sabuni (niliwaambia watu wachote maji yao kwanza, mimi si mjinga). Mawe mengine mazuri tukayapanga mistari miwili kando ya njia, kama pale parokiani.

Mama Zaina akasimama na kumbi mkononi, akaniangalia.

"Mama Vero, sasa ile wadudu itaenda wapi?"

"Itasogea tu. Ukiwa unafagia uwanja, kuku haisogei? Ukimaliza inarudi."

"Kuku iko na miguu mirefu."

"Sugua, mama. Wageni wako njiani."

Akasugua. Nililisema kwa uhakika kiasi kwamba hata yeye aliamini, na mimi mwenyewe niliamini, kwa kuwa uwanjani kwangu ndivyo inavyokwenda kila siku. Tukamaliza kwa tao la makuti ya mchikichi, meza, kitambaa cheupe, kiti cha Shefu. Nikarudi nyumbani kuvaa kikwembe changu kipya, na nakiri, njiani nilikuwa naimba.

Wageni wakafika na pikipiki zao, akina mama wakaimba, Shefu akapita chini ya tao akatabasamu, akasema hajapata kuona mto msafi namna ile. Nikavimba. Dokta Nyota alikuwa wa mwisho kushuka, alikuwa anafungua mfuko wake wa nyavu, na alipoinua macho alisimama kabisa, akaangalia mto, akaangalia mawe yaliyopangwa njiani, akaniangalia mimi. Nilidhani amefurahi akakosa la kusema. Kabla hajafungua kinywa mimi tayari nilikuwa natoa hotuba.

Hotuba yangu sitairudia yote, inatosha kusema nilimwambia Shefu ainue jiwe lolote, lolote lile, na chini yake atakuta familia nzima, baba, mama na watoto. Shefu akavua saa yake akampa msaidizi wake, akainama, akainua jiwe la mbele. Lilikuwa jeupe juu na jeupe chini.

"Ingine, Baba Shefu," nikasema.

Akainua jingine. Jeupe. Pedeje Bahati akasogea kuangalia, na watu wake nyuma yake.

"Iko na haya," nikasema. "Wageni ni wengi."

(Nililisema hilo kweli. Mbele ya dokta wa mito, nilisema wadudu wana haya.)

Watu wakaanza kuguna, na mimi mtu akiguna nyuma yangu siwezi kutulia, nikachukua wavu mkononi mwa Dokta, nikafunga kikwembe juu ya magoti, nikaingia majini mwenyewe kuwatafuta kule katikati. Sasa yale mawe tuliyoyatoa kupamba njia yalikuwa yametoka wapi? Yalitoka katikati. Yaliacha shimo. Nilikanyaga hapo penye shimo kwa uhakika wangu wote, nikakaa. Nilikaa kitako majini mbele ya Shefu, Pedeje, kwaya na parokia, kikwembe kipya kikapanda juu ya maji kikanizunguka, kiatu kikaenda zake upande wa wachimbaji, lakini wavu niliushika juu, na ndani ya wavu mkaonekana kitu chembamba, kirefu, kinatikisika.

"Huyo hapo," nikapiga kelele nikiwa chini vilevile. "Dokta, huyo hapo."

Dokta Nyota akakitoa kwa vidole viwili, akakigeuza juani, akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia:

"Mama Vero, hii ni njiti ya ufagio."

Walicheka. Shefu alicheka akijizuia, Pedeje hakujizuia. Mama Zaina alinivuta mkono nikatoka nikichuruzika, na hapo, jamani, ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli, mambo yangeishia kwenye kicheko. Dokta aliniangalia kama mtu anayesubiri. Lakini nilikuwa nimelowa, nimechekwa, mguu mmoja hauna kiatu, nikaona nikiongeza na hilo nitakufa, nikasema twende chini, chini mtaona tofauti.

Na kweli tulienda chini, na kweli tofauti ilionekana. Dokta alitumbukiza wavu kwenye tope la wachimbaji, akautoa una minyoo, ile myekundu myembamba, inajinyonganyonga. Akaanza kumweleza Shefu kwamba hiyo ni alama ya maji yaliyochafuka, kwamba hiyo haijali tope, lakini Pedeje alikuwa amekwisha kupanda juu ya kifusi chake cha mchanga.

"Shefu, uangalie muzuri. Juu kwa wamama hakuna hata kamoja. Chini kwetu iko vitu inaishi. Sasa nani anaua mto? Mimi naona ni sisi njo tunaisafisha."

Watu wake wakapiga makofi. Hata baadhi ya watu wetu walitikisa kichwa kukubali. Na Dokta, ningeomba msiwahi kuona uso kama ule, alikuwa anatafuta neno na hana, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa kwangu na yeye hakutaka kuniumbua mbele ya watu. Alinilinda. Mimi nilikuwa nimemharibia kazi, na yeye alikuwa ananilinda.

Shefu akajifuta mikono.

"Dokta, mimi ni mutu wa kuona na macho. Mumeniita nione, nimeona. Kama kule juu mto imekwisha kufa, sioni sababu ya kumukatalia Pedeje apande na mashini yake."

Niliona ndoo zote za kijiji kichwani mwangu zimejaa tope. Niliona watoto wa Mama Zaina wanakunywa. Aibu ya kukaa majini ikawa kitu kidogo kabisa, na mimi nikiamua kusema, nasema, sijui kusema nusu.

"Baba Shefu, haikukufa yenyewe. Ni mimi."

Akageuka.

"Ni wewe nini?"

"Niliifagia. Leo asubuhi. Nilitoa majani, nikasugua mawe, nikatia sabuni, sababu wewe ulikuwa unakuja na sikupenda ukute uchafu. Dokta alitukataza, sikusikia. Jana ungekuja ungekuta wadudu mpaka uchoke. Hata Mama Zaina aliniuliza itaenda wapi, nikamujibu sawa vile ni kuku."

"Ni kweli," alisema Mama Zaina. "Alisema kuku."

Kicheko kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, wachimbaji walishikana mabega. Nilisimama tu hapo, nikichuruzika, kidevu juu. Shefu peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayepiga hesabu.

"Muliifagia siku ngapi?"

"Asubuhi tu, Baba Shefu."

"Mulikuwa watu wengi?"

"Wamama wa salongo."

"Na mashini?"

"Mashini wapi. Makumbi na ufagio."

Kisha akamgeukia Pedeje Bahati, ambaye alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko juu ya kifusi chake.

"Bahati, wewe mashini yako inafanya kazi siku gani?"

"Kila siku, Shefu," alisema Pedeje, na kicheko kikamwishia mdomoni. Aliteremka kwenye kifusi polepole.

"Kama wamama na makumbi wamemaliza ile wadudu asubuhi moja," akasema Shefu, "wewe utaacha nini?"

Wachimbaji wenyewe walitazama chini, na lazima niseme haki, Pedeje si mtu mbaya, naye anakunywa maji hayo hayo akija kwetu kununua mihogo. Shefu akasema mashini hazipandi, zibaki chini, na kule chini wachimbe shimo la kutulizia tope kabla maji hayajarudi mtoni. Akasema na Mama Vero asionekane karibu na pale juu akiwa na chombo chochote cha usafi. Hilo la mwisho alilisema kwa ukali zaidi.

Msidhani basi nilitoka hapo nikiwa shujaa. Watu walipoondoka, Dokta Nyota alikaa kwenye kile kiti cha Shefu, chini ya tao langu, akaweka nyavu mapajani.

"Mama Vero, kwa hii fasi nilikuwa nafuata mto tangu nilifika hapa. Kila mara munanitumia foto, naona vile iko, mvua ikinyesha, jua ikiwaka. Leo umeikata katikati. Nikiandika, nitapashwa kuandika na hii."

"Uandike jina langu?"

"Nitaandika tu: mutu alifagia."

Nililia. Sikulia nilipoanguka, nililia hapo, kwa sababu hakunitukana, na kwa sababu alikuwa amechoka. Aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama kuna sombe, kisamvu chetu, nikasema ipo, tukaenda kula. Lakini alinikataza kugusa jiwe mpaka mto upone. Nilikuwa nakwenda kukaa kando, mikono mapajani, nikitazama majani yakianguka na kuoza mbele ya macho yangu, na niamini, kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu kamili. Siku Mama Zaina alipogeuza jiwe akakuta mmoja wa wale wenye nyumba ya mchanga, tulipiga vigelegele mpaka wachimbaji wakapanda kuja kuuliza nani ameolewa.

Baada ya hapo Dokta akapata wazo lake (mimi sikulipenda mwanzoni): kila mahali anapoanzisha kikundi kipya ananichukua, nakaa nyuma kwenye pikipiki, na kabla hajafundisha kitu chochote mimi nasimama na kusimulia. Nimesimulia kule Nyangwe, wavuvi wakacheka mpaka wakaomba nirudie pale pa kuanguka. Nasimulia vizuri, siwezi kukataa, na watu wakicheka hawasahau.

Kisha tukaenda kijiji kimoja upande wa Kabambare, barabara ile mnaijua, tulifika mifupa imelegea. Kikundi kilikuwa kimeshaanza, kina mto wake, kina sehemu yake ambayo Dokta alikuwa ameiacha nzuri kabisa, na tulikuwa tumewapigia simu wiki iliyopita ili wajiandae. Walitupokea kwa nyimbo. Nikasimama, nikaanza, nikafika kwenye ufagio, hakuna aliyecheka. Nikafika kwenye sabuni, wakaangaliana. Nikadhani labda Kiswahili changu cha Kasongo kinawapita, nikasema polepole zaidi, nikafika hadi pale pa kuanguka, ambapo hata padri wetu hucheka, na hapo mama mmoja mwembamba aliyekaa mbele, msimamizi wao, aliinua mkono.

"Mama, sisi tulisikia wageni wanatoka Kasongo."

Dokta alikuwa ameacha kufungua mfuko.

"Mulitia sabuni?" nikauliza.

"Hapana," alisema yule mama haraka. "Sabuni hapana." Akaangalia wenzake, akaangalia chini. "Majivu tu."

Tangu siku ile nimeapa, na ninyi mnisaidie kushika kiapo changu: siendi mtoni kwa watu nikiwa nimepiga simu. Natokea tu, bila habari, mguu kwa mguu na Dokta, mchana wakiwa na nguo za shamba na masufuria hayajaoshwa. Wananiambia sina adabu, mwanamke mzima, mama wa parokia, anawaingilia watu hivyo. Nawaitikia ndiyo, sina, kisha naomba wanipeleke kwanza kwenye mawe.